Dakika 18 za Foili ya Kalsiamu

Foili yenyewe ilikuwa ndogo kuliko stempu ya barua na nyembamba kuliko unywele. Ilikuwa kalsiamu, ile ile iliyomo kwenye mifupa na maziwa, ila hapa ilikuwa tupu, haijachanganyika na kitu, inang'aa kama sufuria mpya. Niliishika kwa kibano usiku wa Ijumaa nikiwa peke yangu. Kilichotokea katika dakika 18 zilizofuata kilinigharimu miezi saba, na uongo wangu wa kunyamaza ulinigharimu zaidi ya hapo.

Naandika haya kwa sababu kila mwaka kuna wadogo zangu wanaoniuliza habari za kusoma fizikia ya viini vya atomu. Wengi wanaomba nakala za fomu. Fomu nitawapa, lakini fomu siyo iliyonitoa machozi.

Nilikuwa mwalimu wa fizikia wa sekondari mkoani Iringa kwa miaka minne. Nikapata nafasi ya shahada ya uzamili Afrika Kusini, na sehemu ya utafiti ningeifanyia iThemba LABS, kituo kilichopo Faure, nje ya Cape Town kuelekea Somerset West. Kuhusu safari nitasema machache. Ombi la viza ya masomo wakati huo lilitaka cheti cha polisi, ripoti ya daktari, picha ya eksirei ya kifua, bima ya afya na uthibitisho wa fedha. Mimi nilianza kuvihangaikia kimoja kimoja, nikajikuta nimekwenda Dar mara tatu kwa basi. Orodhesha vyote siku ya kwanza, omba vyote kwa pamoja, na usikate tiketi ya ndege kabla ya kuiona viza kwa macho yako. La pili ni fedha. Aliyeahidi posho yangu alichelewa wiki sita. Nilikula mkate na chai, na mama akanikopea kwenye kikundi chake cha VICOBA. Ukiweza, ondoka na akiba ya miezi miwili ya kodi na chakula, hata kama barua ya ufadhili imeshatoka.

Nilifika mwezi wa Juni nikiwa na sweta moja. Huko Juni ni mvua na baridi ya upepo.

Neno ithemba kwa Kizulu na Kixhosa ni tumaini. Moyo wa kituo ni saiklotroni kubwa inayozungusha protoni ndani ya uga wa sumaku, kila mzunguko ikizisukuma zaidi, mpaka zinatoka zikiwa na nishati ya MeV 200, yaani elektronivolti milioni 200. Kwa nishati hiyo protoni inakwenda kwa zaidi ya nusu ya kasi ya mwanga. Enzi zangu, siku za kazi mashine ilikuwa ikitumika kutengeneza isotopu za hospitali na kutibu wagonjwa. Sisi watu wa viini tulipewa mwale, yaani mkondo wa hizo protoni, Ijumaa jioni, na Jumatatu asubuhi tuwe tumeuachia. Kwa hiyo maisha yangu ya utafiti yalikuwa ni wikiendi. Ukipoteza saa sita Jumamosi, hakuna Jumanne ya kuzifidia.

Sasa tulikuwa tunatafuta nini? Protoni na nyutroni kila moja ina spini. Mfano wa haraka ni pia ya mtoto inayozunguka, ingawa ni mfano tu na una mipaka yake. Ndani ya kiini zimepangwa kwa ngazi. Kuna ngazi ambayo spini ya chembe na mwendo wake ndani ya kiini vinaelekea upande mmoja, na kuna ngazi pacha yake, juu kidogo, ambayo viwili hivyo vinapingana. Ukikipiga kiini vizuri, chembe inageuza spini yake na kuhamia ngazi pacha. Huo ndio msisimko wa spini tuliokuwa tukiuwinda, ule ambao wenye fani wanauita M1.

Kalsiamu-48 (namba ni jumla ya protoni na nyutroni) ni mfano unaopendwa na walimu, na mimi pia naupenda. Ina nyutroni nane za ziada kwenye ngazi moja, na ngazi pacha iko wazi. Nyutroni moja ikigeuza spini inapata pa kwenda. Ndiyo maana mwanzoni mwa miaka ya 1980 wapimaji waliotumia elektroni kule Darmstadt, Ujerumani, kisha waliotumia protoni kule Orsay, Ufaransa, waliona kwenye mchoro wa hesabu zao kilele kimoja kirefu, kwenye MeV 10.23. Kalsiamu-40, ambayo ndiyo ya foili yangu, ni kinyume chake. Ina protoni 20 na nyutroni 20, ngazi na pacha zake zote zimejaa, kwa hesabu nyepesi hakuna pa kuhamia. Pamoja na hayo kuna kilele cha M1 kwenye MeV 10.32. Maana yake ni kwamba kiini kile si nadhifu kama tunavyokichora ubaoni, kuna chembe zilizokwishapanda ngazi za juu hata kabla hatujakigusa. Niliposoma habari hiyo nikakumbuka nilivyokuwa nikiwafundisha Kidato cha Sita kwa ile picha nadhifu, nikatamani nirudi darasani siku hiyo hiyo.

Protoni zinafaa kwa kazi hii kwa sababu, kwenye MeV mia mbili tatu, ile sehemu ya nguvu ya kiini isiyojali spini inakuwa dhaifu, hivyo sehemu inayogeuza spini inajitokeza. Na lazima upime kwenye nyuzi 0, mbele kabisa, palepale mwale unapoelekea. Ukisogea pembeni nyuzi chache tu, vilele hivi vinashuka haraka. Maabara zinazojulikana zaidi kwa kupima hivyo ni mbili: hii ya Faure kwa spektrometa yake K600, yaani mtambo wa sumaku unaotenganisha protoni kwa nishati zake, na kituo cha RCNP cha Osaka, Japani, kwa spektrometa Grand Raiden inayotumia protoni za MeV 295.

Shida ya nyuzi 0 ni kwamba mwale wenyewe nao unapita hapo hapo. Katika protoni zinazovuka foili, karibu zote hazigongi kitu cha maana, zinaendelea mbele. Wewe unataka zile chache zilizopoteza MeV 10 au 15 kwa kusisimua kiini. Sumaku za spektrometa zinazipinda hizi zaidi kidogo, na vigunduzi vimewekwa kando ya njia ya mwale, umbali mfupi sana. Mwale ukiwa na ukungu pembeni yake, yaani protoni zilizopotea njia kidogo, ukungu huo unamwagika kwenye vigunduzi na kufunika kila kitu.

Kwa hiyo Ijumaa usiku hupimi. Unasafisha mwale. Waendeshaji wanagusa sumaku hii, kisha ile, na sisi tunaweka kwenye njia ya mwale fremu tupu, isiyo na foili, na kuhesabu. Fremu tupu ikihesabu sana, hizo ni takataka. Tunarudi tena. Wikiendi yangu ya kwanza kazi hii ilianza saa 2 usiku ikaisha Jumamosi saa 5 asubuhi, nami nilikuwa nimekaa pale nikiona tunaibiwa muda. Nilikosea kabisa. Data zilizokusanywa saa 20 kwa mwale safi zina faida kuliko za saa 40 kwa mwale wenye ukungu, na mtu akikuhimiza uanze kupima kabla hesabu ya fremu tupu haijashuka, kataa kwa adabu, hata kama yeye ni profesa.

Mama alinipigia usiku ule ule. Baada ya shikamoo na marahaba akauliza kwa sauti ya chini, "Mwanangu, hiyo mionzi haitakuharibia uzazi?" Nikamwelezea kwamba mwale ukiwepo hakuna mtu ndani ya chumba, milango inafungwa na mashine yenyewe inakataa kuwaka mlango ukiwa wazi. Na kila mmoja wetu ana beji kifuani inayopima mnururisho, ambayo inakusanywa na kusomwa. Akasema, "Haya, ila usiwe mbishi." Wasichana mnaokuja, ulizeni maswali haya siku ya kwanza bila aibu. Kuna maofisa ambao kazi yao ni kuyajibu. Ukipata mimba, waambie mapema, kuna utaratibu wake.

Nirudi kwenye foili. Hiyo ilikuwa wikiendi yangu ya pili. Kalsiamu ikikutana na hewa inashika oksijeni. Kwa hiyo tuliihifadhi kwenye kopo lililojaa gesi ya agoni, na utaratibu wa kuihamisha ulijulikana: unaandaa kila kitu kwanza, watu wawili, mmoja anashika fremu na mwingine anakaza skrubu, kisha chumba cha shabaha, yaani cha foili inayopigwa na mwale, kinafungwa na pampu inaanza kuvuta hewa. Dakika tatu zinatosha. Fundi wa zamu, mzee wa Kixhosa tuliyekuwa tukimwita Tata, alikuwa ameniambia, "Sisi," yaani dada kwa wenyeji, "nikimaliza kula nitakuja tufanye wote." Mimi nilitaka kuonekana ninaweza. Nilikuwa mwanamke pekee kwenye zamu ile na nilikuwa nimechoka kusaidiwa.

Nikafungua kopo. Nikaibana fremu kwa kibano, nikaingiza skrubu ya kwanza. Ya pili ikaniponyoka. Niliisikia ikigonga chuma mara mbili, halafu kimya. Nikapiga magoti na tochi ya simu. Nilipoipata chini ya bomba la pampu, nikainuka na kuitazama foili. Ule mng'ao ulikuwa umefifia. Pembeni kulikuwa na weupe kama wa chaki, ile chaki niliyoishika miaka minne nikifundisha. Nikakaza skrubu, nikafunga chumba, nikawasha pampu, nikatazama saa. Dakika 18.

Tata alipokuja akauliza, "Tayari?" Nikajibu tayari. Kwenye daftari la zamu nikaandika: Shabaha ya kalsiamu imewekwa. Basi. Sikuandika muda, sikuandika skrubu, sikuandika weupe.

Miezi mitatu baadaye nilikuwa na spektra, yaani michoro ya idadi ya protoni kwa kila nishati. Kilele cha 10.32 kilikuwepo, kirefu, kimenyooka. Lakini juu zaidi palikuwa na vingine viwili vyembamba, kimoja kama MeV 16.2 na kingine kama 17.1. Kwenye machapisho ya kalsiamu-40 niliyosoma sikuviona. Nilishindwa kulala. Nilihakiki kipimo cha nishati kwa magnesiamu-24, ambayo ina kilele kinachojulikana kwenye 10.71, na kwa kaboni, yenye 12.71 na 15.11. Vyote vilikaa mahali pake. Mandharinyuma, yaani hesabu za takataka, nilishayatoa. Nikamwonyesha msimamizi wangu, akasema vinavutia, nitafute zaidi. Mimi nikasikia kwamba nimegundua kitu. Nikatuma muhtasari kwenye kongamano, nikamwambia mama, mama akawaambia kanisani.

Je, yale macho yangu ya Ijumaa hayakunikumbusha? Yalinikumbusha, mara nyingi. Nilijijibu kwamba oksijeni ikiwepo ningeona vilele vyake vya MeV 6 na 7, ambavyo kila mtu anavijua, na sikuviona. Hapo nilijidanganya kitaalamu. Kwenye nyuzi 0 protoni za msisimko mdogo kiasi hicho zinapita karibu mno na mwale, hazifiki kwenye vigunduzi tulivyoviweka. Nisingeviona hata kama foili yote ingekuwa chokaa.

Aliyenifungua macho ni kaka mmoja kutoka Lubumbashi, mwanafunzi wa uzamivu. Tulikuwa tukipika ugali Jumapili na kuongea Kiswahili, yeye chake na mimi changu. Alitazama mchoro wangu kwenye kompyuta huku mwiko uko mkononi.

"Dada, mulipima mailari?"

Mailari ni plastiki nyembamba ambayo ndani yake kuna kaboni, haidrojeni na oksijeni. Tuliipima, nikasema, nusu saa, Jumamosi. Sikuwahi kuifungua kwa sababu kaboni tupu ilinitosha.

"Iweke juu ya hii."

Nikaiweka. Kilele cha 16.22 juu ya kilele changu. Cha 17.14 juu ya kilele changu. Ni misisimko ya M1 ya oksijeni-16, imo kwenye majedwali, na ilikuwa kwenye diski yangu tangu wiki ya kwanza. Yule kaka hakusema neno. Alizima jiko, akanipakulia, tukala kimya.

Kesho yake nilifanya kipimo kingine ambacho ningepaswa kukifanya mapema, na ninakieleza kwa sababu kitamfaa yeyote. Tulikuwa na data za nyuzi 4. Kiini chepesi kikigongwa kinarudi nyuma kwa nguvu kuliko kizito, na protoni inapoteza nishati hiyo ya ziada. Ukihesabu kana kwamba kila kitu ni kalsiamu, kilele cha oksijeni kinahama kadiri pembe inavyoongezeka. Kwenye nyuzi 0 tofauti hiyo haionekani. Kwenye nyuzi 4, kwa protoni za MeV 200, ni kama elfu 40 za elektronivolti, na spektrometa yetu iliweza kuiona. Kilele cha 10.32 hakikuhama. Vile viwili vilihama, tena kwa kiasi kile kile hesabu ilichosema. Kwa hiyo ukiwa na kilele usichokijua, kabla ya kumwita mtu, kitazame kwenye pembe ya pili.

Kumwambia msimamizi kuhusu oksijeni kulikuwa rahisi. Kumwambia kuhusu zile dakika 18 kulinichukua siku nne. Nilikwenda ofisini kwake nimeandika kwenye karatasi ili nisipunguze kitu. Alisikiliza mpaka mwisho. Akasema oksijeni haikumsumbua, inatokea kwa kila mtu anayeshika kalsiamu. Kilichomsumbua ni kwamba wenzangu watatu walikuwa wamekaa wiki nzima wakitafuta hitilafu kwenye programu ya uchambuzi, wakati mimi nilijua kitu na nikakaa nacho. Sikuwa na la kujibu. Nilikwenda kumwomba radhi kila mmoja, Tata nikamwacha wa mwisho kwa sababu yeye ndiye niliyemwogopa zaidi. Aliniambia tu kwamba skrubu zile zimeshawaponyoka wengi, na ndiyo sababu ya kuwa watu wawili.

Muhtasari wa kongamano niliuondoa. Mama nilimwambia ukweli kwa simu, na yeye akasema atawaambia wale wa kanisani mwenyewe, nisihangaike.

Muda wa mwale hauombwi kama kitabu cha maktaba. Kuna kamati, kuna foleni, na kuna tarehe ya mwisho ya kutuma maombi, ambayo ukiikosa unasubiri mzunguko mwingine. Miezi saba ilipita. Nilichopata mwishoni ni saa 10 za Jumapili usiku ambazo kundi jingine lilitugawia baada ya kumaliza kazi yao mapema. Katika kusubiri nilijifunza kutoa oksijeni kwenye data za zamani: unachukua spektra ya mailari, unaiondoa kaboni kwanza kwa kutumia ile ya kaboni tupu, kinachobaki unakilinganisha na kilele cha 17.14, kisha unakitoa kwenye kalsiamu. Ukisahau kuondoa kaboni kwanza, utaona shimo kwenye 15.11, kilele kikiwa kimegeuzwa kichwa chini. Mimi nililiona shimo hilo na nilikaa nalo siku mbili.

Yako mengine madogo ambayo hakuna aliyeniambia. Zamu ya usiku beba chakula cha kushiba, siyo biskuti, kwa sababu ikifika saa 9 usiku maamuzi yanakuwa mabovu. Nakili data kwenye diski mbili kabla hujatoka jengoni. Pima fremu tupu tena kila unapobadilisha shabaha, siyo mara moja kwa wikiendi. Kituo kiko mbali na usafiri wa umma, kwa hiyo panga lifti yako Ijumaa mchana au uombe malazi ya palepale. Na daftari la zamu liandikie kila kitu hata kama kinaonekana cha kijinga: mlango umefunguliwa, umeme umeyumba, Fulani amegusa waya. Kalamu, siyo kumbukumbu. Ukikosea, usifute, piga mstari mmoja juu yake na uandike upya pembeni.

Jumapili ile tulikuwa watu wawili. Tata alishika fremu, mimi nikakaza. Skrubu nilikuwa nimezifunga kwa uzi mwembamba kwenye kidole, alinifundisha yeye. Kopo lilifunguliwa saa 1:06 usiku, pampu ikawashwa saa 1:08 na nusu. Niliandika nyakati zote mbili, na chini yake nikaandika kwamba kwenye kona ya kushoto ya foili kuna doa jeupe dogo lililokuwepo tangu kopo linafunguliwa. Kisha nikaenda chumba cha uendeshaji kuhesabu fremu tupu.